Kwa nini kambini wanamsikiliza mama wa dagaa kuliko mradi wenye boti na hema? Wadau wa Kanda ya Ziwa tujadili

#1 Mtu wa Kayenze
Wakuu, habari zenu.

Nafanya kazi za jamii mwambao wa Ilemela, Mwanza, kwenye mradi wa afya kambi za wavuvi wa dagaa: kupima VVU na kichocho, na kuwafuatilia walioanzishiwa dawa. Nina hoja moja na naisimamia. Kazi ya kusaidia watu ni kujuana nao na kuaminiana nao. Semina, fulana, vipeperushi na mahema ni vitendea kazi tu, lakini ndivyo tunavyoviandika kwenye ripoti kwa sababu ndivyo vinavyohesabika.

Mfano huu hapa. Tulifika kambi moja kisiwani saa nne asubuhi na boti, hema, mtu wa maabara na kipaza sauti. Wakaja watoto na wazee wawili. Wavuvi wote walikuwa wamelala, maana usiku kucha walikuwa ziwani. Mama mmoja mnunuzi wa dagaa akatuita pembeni: "Wanangu, mmekuja giza. Rudini mwezi ukijaa." Wanaojua ziwa wanaelewa: dagaa anavuliwa kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti kitu, mitumbwi inapumzika na watu wanabaki nchi kavu wakishona nyavu na kucheza drafti. Tuliporudi mbalamwezi, yule mama alikuwa ameshapita kwa kila mtumbwi kuongea na vijana. Foleni ilizunguka vichanja vya dagaa mpaka giza likaingia.

Hana cheo chochote. Ana kaunta buku la nani kachukua nini na nani anadaiwa ndoo ngapi. Lakini humo kichwani anajua mke wa nani kajifungua, nani anakohoa tangu masika, nani kaacha dawa na kwa nini. Kuna kijana aliacha kwa sababu alikuwa akificha vidonge ndani ya boksi la betri za taa, mwenzake akavikuta na kuvimwaga. Mama akamwambia kopo lake lilale kwenye sanduku lake la kuhifadhia hela, awe anapita kila jioni "kulipa deni". Kijana yuko kwenye dawa mpaka leo.

Ripoti yangu ya robo mwaka haina hata safu moja ya kuandika habari za mama huyu. Naomba maoni, hasa ya waliofanya kazi hizi.

#2 Dagaa Mkavu
Ngoja waje wenyewe. Ila hiyo ya mwezi ni kweli tupu. Mimi nimekulia Igombe, mtu akiitisha mkutano wakati wa giza tunajua ametoka mjini.

#3 Kapripointi Juu
Mleta mada, umejibu swali lako mwenyewe bila kujua. Mama ana daftari la madeni. Watu wanaodaiwa wakiitwa wanaenda, upendo hauna nafasi hapo. Mwenye deni hana kauli. Usije ukatupambia unyonge wa wavuvi ukauita kuaminiana.

#4 Mtu wa Kayenze
Mkuu #3, nimelifikiria hilo. Lakini matajiri wa mitumbwi wanawadai vijana wale pesa nyingi kuliko mama: chakula, mafuta, nauli, mpaka hela ya matibabu. Matajiri ndio tuliwatumia mwanzoni kuwahamasisha, na vijana hawakuja. Kama ni deni tu, tajiri angepata watu kabla ya mama.

#5 Kapripointi Juu
Tajiri anadai mbali, anakaa Kirumba. Mama anadai akiwa pale pale kambini. Deni la karibu linauma zaidi. Bado sijatoka kwenye hoja yangu.

#6 Nesi wa Zamani
Habari wanajukwaa. Mimi niko upande wa mleta mada, ila nimeshtuka hapo kwenye sanduku. Sheria ya kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya mgonjwa. Huyo mama akigombana na kijana siku moja, au akilewa, kambi nzima itajua. Kuaminiana kusikokuwa na utaratibu kunaweza kumuumiza mtu yule yule unayemsaidia.

Kwenye kifua kikuu hili tulishalipitia. Zamani mgonjwa alitakiwa kuja kituoni kila siku katika miezi ya mwanzo, ameze dawa mbele ya mhudumu. Kwa mtu wa kisiwani au mchuuzi hiyo ni adhabu. Tangu 2006 Tanzania ikaanza kumpa mgonjwa nafasi ya kuchagua: aje kituoni, au amteue mtu wa nyumbani wa kumsimamia. Anachagua yeye. Nimewaona waliochagua mke, mama mkwe, jirani, na mmoja alimchagua fundi cherehani aliyekuwa akipanga naye chumba. Huyo fundi alikuwa mkali kuliko sisi wote wodini.

Kwa hiyo nakuuliza: kijana alimchagua mama, au mama alimchagua kijana?

#7 Mtu wa Kayenze
Dada Nesi, asante. Kijana ndiye aliyemfuata. Alimwambia yeye kabla ya kutuambia sisi. Lakini la siri nalichukua kwa uzito, maana sanduku hilo hata watoto wake wanalifungua.

#8 Bint Sengerema
Nami nina kisa. Mama yangu mdogo alikuwa mkunga wa jadi upande wa Buchosa. Ilipokuja kauli kwamba wajawazito wote wajifungulie vituoni, wakunga wa jadi wakaambiwa waache. Kwa usalama wa mama na mtoto ni sahihi, sibishi. Ila zahanati moja iliwafukuza kama wahalifu, na nyingine ikawaambia: mleteni mzazi mwenyewe, ukae naye mlangoni, umpikie uji. Hiyo ya pili ndiyo iliyojaza wodi. Mama mdogo alibaki anaheshimika, akawa anatembea na mjamzito usiku na tochi mkononi. Walichotaka wanawake ni sura wanayoijua pembeni yao.

#9 Dagaa Mkavu
Bint, hapo kwenye uji umenigusa. Wabeja.

#10 Mtafiti Mstaafu
Wakuu, Mwanza ina historia kubwa kwenye jambo hili na vijana wengi hawaijui. Kati ya 1991 na 1994 ulifanyika utafiti mkubwa hapa kwetu, jamii 12, nusu yake zikaboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati na vituo vya afya vya kawaida. Waganga na wauguzi waliokuwepo walipewa mafunzo, dawa zikawepo, wasimamizi wakapita. Matokeo yalichapishwa 1995: maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40. Dunia nzima ilizungumza habari za Mwanza.

Halafu Rakai, Uganda, ng'ambo ya ziwa hili hili, wakagawa dawa za magonjwa ya zinaa nyumba kwa nyumba kwa watu wote, bila kungoja mgonjwa ajitokeze. VVU haikupungua. Mimi nimeishi na tafsiri moja: Mwanza mgonjwa alimfuata mganga anayemjua na kumrudia. Rakai timu ilipita, ikagawa, ikaondoka.

#11 Daktari Kijana
Mzee #10, heshima yako, lakini hapo umevuta sana upande wako. Data ni sahihi. Rakai dawa ziligawiwa kila baada ya miezi 10 na matokeo yakatoka 1999. Ila maelezo ambayo wataalamu wengi wanayakubali ni mengine: Rakai janga lilikuwa limeshakomaa, VVU imeenea sana, na magonjwa ya zinaa yanayotibika kwa antibiotiki yalikuwa na mchango mdogo kuliko Mwanza. Malengelenge ya sehemu za siri, ambayo antibiotiki haiyagusi, yalikuwa mengi. Pia Mwanza mtu mwenye dalili alitibiwa mara anapougua, hakungoja zamu. Hakuna aliyepima kama mgonjwa alimpenda mganga wake au la.

#12 Mtafiti Mstaafu
Kijana wangu, nakubali hakuna aliyepima. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Tulipima damu na mkojo. Hatukuuliza mtu alitembea kilomita ngapi kumpita mganga mmoja ili amfikie mwingine. Lakini mimi niliwaona wakipita.

Ongeza na hili: baadaye ukaja mradi wa MEMA kwa Vijana, jamii 20 za Mwanza, nusu yake zikapewa elimu ya afya ya uzazi shule za msingi pamoja na huduma rafiki kwa vijana. Uelewa wa vijana ulipanda vizuri sana, maambukizi hayakushuka. Maarifa peke yake hayakutosha.

#13 Daktari Kijana
Hapo kwenye MEMA niko na wewe. Ila ukumbuke mle walikuwemo walimu na wahamasishaji rika, watu wanaofahamika kijijini. Kama kufahamiana ndiyo dawa, mbona haikufanya kazi?

#14 Bint Sengerema
Daktari, mwalimu wa darasa la sita anayeshika fimbo anafahamika, ndiyo. Lakini nani atamwambia siri yake?

#15 Mlinzi wa Mwalo
Mimi niko kwenye BMU, hivi vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi vilivyoanzishwa mialoni kwetu, kwenye fukwe za kupakulia samaki, kuanzia 1998. Niwaambie upande ambao hampendi kuusikia. Kuaminiana kunafunika maovu. Jirani yangu ana kokoro, wavu haramu wa kukokota. Naliona. Mtoto wake anacheza na wangu, mama yake alitufulia nguo tulipofiwa. Nimkamate? Nikimkamata, msiba ujao nazika peke yangu. Nikimwacha, sangara wachanga wanakwisha.

Ilipokuja operesheni ya 2018 ya kukamata na kuchoma nyavu haramu, waliofanya kazi ile walikuwa wageni, hawakumjua mtu, na nyavu zilichomwa kweli. Watu waliumia na wengine mpaka leo wana kinyongo. Lakini sisi wenyeji tungeweza? Jibuni kwa ukweli.

#16 Kapripointi Juu
Nakazia #15. Hatimaye mtu ameongea.

#17 Dagaa Mkavu
Mlinzi, kwanza tuambie kokoro la jirani yako liko mwalo gani, tuje na magunia.

#18 Mlinzi wa Mwalo
#17 wewe si wa Igombe? Basi uliza nyumbani kwenu kwanza.

Kwa upande mwingine, ili nisieleweke vibaya: wageni walipoondoka nyavu zilirudi. Waliopunguza makokoro kwenye mwalo wetu ni wazee watatu waliomfuata kila mwenye mtumbwi nyumbani kwake jioni, wakala naye, wakaongea naye. Wengine walikubali, wengine wamehamia mwalo wa jirani. Sijui nihesabu huo kuwa ushindi wa nani.

#19 Mwalimu wa Visiwani
Nimesoma toka mwanzo. Nafundisha Ukara. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka hatua chache kabla ya kufika gati la Bwisya, wakafa watu zaidi ya 220. Waliofika kwanza majini ni wavuvi na mitumbwi yao. Baadaye vikaja vyombo vya serikali, wazamiaji, viongozi, kamera na rambirambi, na sina neno baya kwao. Walifanya kazi kubwa.

Nataka kuzungumzia mwezi wa tatu baada ya mazishi. Wageni wote wameondoka. Darasani kuna watoto wanaotazama ziwa dirishani badala ya ubao. Kulikuwa na mama mmoja wa kanisani, hajui saikolojia, alikuwa akija shuleni saa ya mapumziko na kibuyu cha maziwa ya mgando. Anakaa chini ya mwembe, anawaita wale waliopoteza wazazi mmoja mmoja, anawamiminia kikombe, haulizi kitu. Wiki nyingi zilipita kabla mtoto wa kwanza hajaongea. Alipoongea hakunyamaza mpaka kengele ilipogonga. Nilisimama mlangoni na chaki mkononi nikashindwa kuingia darasani.

Mshauri nasaha aliyekuja na fomu alikuwa mtu mwema na mwenye elimu. Alikuwa na siku chache tu. Tatizo lilikuwa muda aliopewa.

#20 Nesi wa Zamani
Poleni sana mwalimu. Hilo la muda aliopewa ndilo ningetaka waajiri wetu wote walisome.

#21 Mama Vikoba Nyamagana
Kwetu wanawake wa vikundi, hili si geni. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri tulikuwa tunapata wanawake asilimia 5, vijana asilimia 5, tukasikia imesimamishwa kwa sababu ya vikundi hewa. Vikundi hewa ni watu wasiojuana waliokusanywa na mjanja mmoja siku ya kujaza fomu. Kikundi chetu tumezikana, tumeozeshana, tunajua mwenzetu akichelewa marejesho ni mgonjwa au ni mkaidi. Halmashauri ingekuja kukaa nasi Jumamosi moja tu kwenye kikao, ingejua nani hewa na nani mtu.

#22 Mhasibu wa Igoma
Mama, sahihisho dogo: ni wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Ilisimamishwa Aprili 2023 na ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Na nikuambie kitu kutoka kwenye vitabu vya hesabu: vikundi vingine vilivyoshindwa kurejesha ni vya ndugu na marafiki wa damu kabisa. Waliaminiana vizuri sana katika kutolipa.

#23 Mama Vikoba Nyamagana
Asante kwa sahihisho. Ndugu wasiorejesha wanajuana wao kwa wao, hawamjui anayewakopesha. Mimi nasema pande zote mbili zijuane.

#24 Kijana wa Buhongwa
Wote mnamsifu mama wa dagaa, mama wa maziwa, mama mdogo na tochi. Mmeona ni akina mama watupu? Na mmeona hakuna hata mmoja anayelipwa? Afisa ana mshahara, posho na boti. Mama ana moyo. Tukiandika kila mahali kwamba mahusiano ndiyo kazi yenyewe, mwenye bajeti atafurahi, maana mahusiano ya mama ni ya bure. Dada yangu amejitolea kwenye afya ya jamii mpaka sandali zimeisha, nauli anatoa kwenye mtaji wake wa nyanya.

#25 Nesi wa Zamani
Kijana umenena. Kuna mabadiliko kidogo: Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000 ndani ya miaka 5, wanaotoka kwenye jamii zao wenyewe, wanafundishwa na wanapewa posho. Dada yako aulizie kwa mtendaji wa mtaa.

#26 Kapripointi Juu
Akianza kulipwa atakuwa mtumishi. Na mtumishi anamtazama anayemlipa. Mtaona.

#27 Kijana wa Buhongwa
Kwa hiyo abaki na njaa ili tumwamini?

#28 Shabiki wa Nyamagana
Naona wote mko Mwanza humu. Mnaenda uwanjani kuisapoti Pamba Jiji au mahusiano yenu yanaishia kwenye dagaa? Halafu sado la dagaa leo mwaloni Kirumba bei gani, nina mgeni kutoka Dodoma.

#29 Dagaa Mkavu
#28 usiende mchana, nenda alfajiri, na usinunue waliokaushwa mchangani. Sikia mlio wake ukiwakamua mkononi. Haya turudi kwenye mada.

#30 Mzee wa Magu
Vijana, mnajadili kama jambo jipya. Wazazi wetu walilima pamba, wakawa wanaibiwa kwenye mizani ya wanunuzi. Akina Paul Bomani wakazunguka vijijini, wakaongea na wakulima, vikajengeka vyama vya msingi, na 1955 ikapatikana Victoria Federation, ushirika mkubwa ambao mpaka leo wazee wanautaja kwa fahari. Katibu wa chama cha msingi alikuwa mtoto wa fulani, akikosea unamkuta kwenye ngoma Jumapili.

Ukakua. Maghala, magari, makarani wengi, maamuzi mjini. Mkulima akawa hamjui anayemkata makato. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa nchi nzima, sheria ya 1982 ikavirudisha, lakini ule ujamaa wa mizani haukurudi. Mimi nasema ukubwa ndio unaoua. Wengine watasema wizi, wengine watasema siasa, wengine bei ya pamba. Na wao wana haki.

#31 Mhasibu wa Igoma
Mzee, mwizi wa karibu ni mbaya kuliko wa mbali. Yule wa kwenye ngoma ya Jumapili unaona aibu kumshtaki. Ndiyo kesi ya #15.

#32 Mzee wa Magu
Aibu inakata kuwili. Na yeye anaona aibu kukuibia.

#33 Daktari Kijana
Mimi narudi kwa mleta mada. Pamoja na heshima zote, kisa chako naweza kukieleza kwa njia rahisi: mlikosa taarifa. Hamkujua habari za mwezi. Pangeni ratiba kwa kalenda ya mwezi, mfike mbalamwezi, na watu watakuja mama akiwepo au asiwepo. Jaribu kambi mbili za mbalamwezi, moja bila mtu wa kuwahamasisha, ulinganishe.

#34 Mtu wa Kayenze
Daktari, hilo naweza kulifanya na nitalifanya. Lakini ile taarifa ya mwezi alitupa nani? Kila mvuvi pale alikuwa anaijua. Mwenyekiti wa kambi alikuwa anaijua, na ndiye aliyetia saini barua ya ziara yetu. Hakuna aliyetuambia mpaka yeye.

#35 Mlinzi wa Mwalo
Swali langu kwako mleta mada. Kambi za dagaa zinahama. Dagaa wakisogea, mitumbwi inasogea, na wanunuzi wanafuata. Mama yako akihamia upande wa Ukerewe msimu ujao, mradi utamfuata, au utabaki na vichanja vitupu kwa sababu mkataba umeandikwa Ilemela?

#36 Mtu wa Kayenze
Umegusa penyewe. Mradi umesajili kata, haukusajili watu. Tayari baadhi ya mitumbwi imeanza kuhamisha nyavu. Wiki ijayo nina kikao na mratibu, nitapeleka mambo matatu: ratiba ifuate mwezi, wahamasishaji wa kambini walipwe posho kama sisi na wapewe kasha lenye kufuli kwa ajili ya dawa, na turuhusiwe kuvuka mpaka wa wilaya kufuata kambi. La tatu najua litakataliwa kwa sababu ya bajeti. Nani ameshawahi kufanya kazi wilaya mbili kwa mradi mmoja anipe mbinu?

#37 Nesi wa Zamani
Kwenye rufaa za wagonjwa tulikuwa tunaandikiana barua na mwenzetu wa wilaya ya pili, mgonjwa anahama na kadi yake. Mtafute mratibu wa VVU wa Ukerewe mapema, kabla ya kikao. Mpigie, usitume barua pepe. Nenda ukanywe naye chai.

#38 Kapripointi Juu
Chai sawa, lakini mkubaliane na kwa maandishi.

#39 Bint Sengerema
Mleta mada, na yule mama mwenyewe umemuuliza kama anataka kuwa mhamasishaji wa kulipwa? Mama mdogo aliulizwa akakataa.

#40 Mtu wa Kayenze
Bado sijamuuliza. Nitavuka Jumamosi.